Mbaazi za Mia Tisa

Jambo lote limegharimu shilingi milioni nne, laki mbili na elfu themanini. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau kodi ya stoo, nikapata pungufu, nikafurahi kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai.

Ni kilo elfu nne za mbaazi kwa mia tisa kila kilo, magunia, gari kutoka Masanze, wabebaji, dawa ya wadudu, na chumba nilichokodi hapa Magomeni ya Kilosa miezi mitano sasa. Milioni tatu kati ya hizo si zangu. Dada yangu, mama lishe wa Mikumi, alizikopa kwenye kikoba chao cha kuweka na kukopeshana kwa jina lake, akadhaminiwa na wenzake wawili. Pamoja na riba, zimekuwa milioni tatu na laki tatu, na kikoba kinavunjwa, kila mtu achukue chake, baada ya siku tisa. Asiyerudisha, akina mama humjia asubuhi, kanga viunoni, wakabeba friji, sufuria na mabenchi. Wanabeba huku wakimpa pole, lakini wanabeba.

Yote yalianzia kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu, ambaye kila mwezi hukata sehemu ya pensheni yake akanunua vipande vya mfuko wa uwekezaji bila hata kuuliza bei. Nilimwona kama mtu anayenunua nyanya gizani. Nikaenda kumwuliza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kununua au kubishana?"

"Kubishana. Ndiko kwa bure."

Akanieleza kwamba wako wanaokimbilia kinachopanda, wakiamini kilichopanda jana kitapanda na kesho. Hao nawajua, soko la Dumila limejaa. Wananunua vitunguu kwa kufuata kelele. Wako wanaotafuta kilichodharauliwa, wakanunua shilingi kwa senti sabini na kungoja dunia igundue kosa lake. Na wako kama yeye, wanaoamini kwamba bei imeshabeba kila kinachojulikana, kwa hiyo huna haja ya kushindana na soko: nunua kidogo kidogo cha kila kitu, unyamaze.

Hao wa pili walinikaa kama shati langu mwenyewe. Maisha yangu yote nimenunua vitu chini ya thamani yake. Sikujua ni falsafa, nilidhani ni tabia mbaya.

"Mbaazi mwaka jana zilifika elfu mbili," nikamwambia. "Sasa ni mia tisa. Nanunua, nasubiri."

"Ukisema kitu kinauzwa chini ya thamani yake, unasema anayekuuzia hajui unachokijua wewe. Wewe unajua nini ambacho mkulima wa Masanze hakijui?"

"Kusubiri."

"Kwa pesa ya nani?"

Nikajifanya simu inaita.

Kule Masanze, mkulima wa kwanza alitaja mia tisa hamsini. Nikasema mia tisa, nimeshajiandaa kwa nusu saa ya kuapizana, kuondoka mara mbili na kuitwa mara mbili, kama ilivyo desturi. Akasema, "Chukua." Wa pili naye, "Chukua tu, kaka." Wa tatu alinisaidia kushona magunia. Kila nyumba kule hubakiza magunia mawili matatu kungojea bei ya mbele; mwaka huu walinitolea na hayo.

Mtu mwenye akili angeogopa. Mkulima asiyebishana ni kama mbwa asiyebweka: uliza kwanza kuna nini. Mimi nilirudi Kilosa nikiusifu mdomo wangu. Nilikagua magunia, sikukagua mashamba. Kumbe ile elfu mbili ya mwaka jana iliwafanya wote wapande mbaazi hadi mlangoni. Wao walikuwa wameona. Mimi nilidhani ni ujinga wao, nikaununua kwa kilo.

Leo bei ni mia tano hamsini. Wadudu nao wamechukua fungu lao. Nimepima mara mbili, zimebaki kilo elfu tatu mia nane na themanini. Hiyo ni milioni mbili, laki moja na elfu thelathini na nne.

Jana nilikwenda Mikumi kumwambia dada.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Uso gani huo? Umeleta pesa au maneno?"

"Maneno."

"Basi kaa ule. Wali maharage elfu mbili, na unalipa kabla hujanitia hasira."

Nikalipa. Nikamweleza yote, pamoja na falsafa.

"Kwa hiyo wanasema bei itarudi," akasema.

"Wanasema thamani hairuki mbali. Hurudi."

"Lini?"

"Hawasemi."

"Mimi napika cha leo, nauza leo. Uliniambia tunasubiri, mdogo wangu. Hukuniambia tunasubiri kitu kisicho na tarehe kwa pesa yenye tarehe."

Akachukua kitambaa akafuta juu ya friji, mahali palipokuwa safi tayari. Meza ya pili, mmoja wa wadhamini wake alikuwa akikaanga maandazi. Alinipungia mkono, akacheka. Hajui.

Nadharia haikunidanganya, hilo ndilo linaloniuma. Ilitaka pesa isiyodaiwa na mtu, na mimi nilikodisha subira kwa riba.

Nikiuza leo, tunapungukiwa milioni moja, laki moja na elfu sitini na sita, na mimi mfukoni nina nauli. Nikisubiri, labda bei ipande baada ya friji kuondoka. Dalali wa Dumila anasema kinachoshuka kitazidi kushuka, niuze kabla ya kesho. Mwalimu anasema bei ya leo ndiyo bei, na mia tisa ni kumbukumbu yangu tu, soko haliijui. Na dada? Ameniachia mimi, na hiyo ndiyo adhabu.

Wewe usiye na gunia hata moja humu ndani, ndiye pekee ninayeweza kumwamini. Nishauri: niuze, au nisubiri?