Ya Mezani au ya Kupakata

Nimewahi kuibiwa, ila sijawahi kuibiwa vile.

Nilitoka kazini jioni, nikafungua mlango, nikakuta laptopu niliyomnunulia mke wangu jana yake haipo. Mahali pake, juu ya meza ya kulia, pamekaa kompyuta ya mezani. Boksi lake, kioo kipana, kibodi, kila kitu. Tena imewashwa.

Mwizi gani anaiba kimoja na kukuachia kingine?

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia hapo mtanicheka kabla ya wakati.

Mimi nauza magodoro. Mke wangu ni mhariri, anasahihisha vitabu vya shule na kupanga kurasa zake, na kazi anaifanyia nyumbani. Ana ugonjwa mmoja tu, Kiswahili. Sisi wengine tukisema laptopu, yeye anasema kompyuta ya kupakata. Ukimuuliza mbona unajitesa, anakujibu kwamba neno likiwepo lisipotumiwa linanuna.

Kompyuta yake ya zamani ilikata roho katikati ya kitabu cha hesabu. Mchapishaji anasubiri. Na akiba tuliyokuwa nayo ilikuwa moja, nayo ilikuwa na kazi yake.

Niseme wazi. Tulikuwa na miaka mingi kwenye ndoa bila mtoto. Ile akiba ilikuwa ya daktari bingwa, na tuliichanga kwa kujinyima hadi harufu ya nyama tukawa tunaisikia kwa jirani.

Mke wangu akasema, "Tuchukue ile. Ya daktari yatajipa."

Alisema huku anakunja nguo, kama anazungumzia sabuni. Nikajua mwenzangu amekata tamaa, na sikumuuliza kwa sababu niliogopa jibu.

Tukaenda dukani watatu. Wa tatu alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi wa kompyuta. Mtaani wanamwita Skrubu, kwa sababu kitu kisichofunguka hakiamini.

Muuzaji akatuletea laptopu moja nyembamba, unaibeba kwa vidole viwili. Nikaipenda papo hapo. Skrubu akaipindua, akaikagua tumbo kama mtu anayenunua mbuzi.

"Kumbukumbu imelehemewa kwenye ubao, betri imegundishwa," akasema. "Kikifa kimoja, unazika ukoo mzima."

Akaanza darasa. Kwamba kwa bei hiyo unapata ya mezani yenye nguvu zaidi, kioo kikubwa, unaongeza kumbukumbu ukitaka, na chenji inabaki. Kwamba wembamba ule ndio tunaoulipia, na wembamba hauhariri kitabu. Mimi nikamuuliza umeme ukikatika itakuwaje. Nikamuuliza ni nani amewahi kupanda na kompyuta ya mezani kitandani. Kitu kisichobebeka kina faida gani?

"Shemeji, magodoro yanabebeka? Mbona unauza?"

Muuzaji akacheka. Nikaona huyu naye hana msimamo.

Mwishowe mke wangu akasema yeye anataka ya mezani. Halafu akamuuliza muuzaji maswali mawili ya ajabu. La kwanza, kama feni yake inaweza kumwamsha mtu aliyelala karibu. La pili, kama kazi inafanyika vizuri kwa mkono mmoja.

Nilidhani la kwanza ananisema mimi na usingizi wangu wa Jumapili. La pili sikulielewa kabisa.

Tukatoka bila kununua. Njiani nikajifanyia hesabu zangu: huyu mwanamke anataka ya bei nafuu kwa kunionea huruma. Kesho yake nikarudi peke yangu kimyakimya, nikanunua ile nyembamba. Kama mtoto ndiyo tumemwachia Mungu, basi angalau mke wangu apate kitu kizuri mkononi. Ulikuwa ujinga, lakini ulikuwa ujinga wa mapenzi.

Alipofungua boksi alikipapasa kile kifuniko, akaanza kulia.

"Utaipakata popote utakapo," nikamwambia, kifua mbele.

Akazidi kulia. Halafu akacheka. Halafu akaenda kunawa uso. Mwanamume mwenye akili angeuliza hapo. Mimi nililala usingizi wa bwana harusi.

Sasa turudi kwa mwizi wangu.

Nimesimama pale nashangaa, mara nikaona miguu chini ya meza. Nikaidaka.

"Niachie, shemeji, nafunga nyaya!"

Alikuwa Skrubu. Akatoka na vumbi kichwani, akaniambia mwenye kosa ni dada yake, yeye kabeba boksi tu. Walikuwa wamerudi dukani na risiti, wamebadilishiwa, na chenji wamepewa.

Mke wangu akatoka chumbani. Nilikuwa nimekasirika kweli, kwa sababu nilikuwa nimeumia.

"Nimekununulia ya kupakata, umeirudisha?"

"Ya kupakata ninayo."

"Iko wapi?"

"Iko njiani."

Nikamgeukia Skrubu. Wameagiza nyingine? Akatikisa kichwa, hana habari. Lakini fundi ni fundi, hakuweza kujizuia.

"Dada, hiyo kumbukumbu yake ni kiasi gani?"

Mke wangu akacheka mpaka akashika kiti. "Kwa sasa haikumbuki chochote."

Tukabaki tunamtazama, wanaume wawili wazima.

Akanisogelea. "Mume wangu, haya mapaja yana mwenyewe. Nitapakata mtoto."

Alikuwa amejua tangu kabla ya siku ya dukani. Alisubiri daktari wa zahanati athibitishe, na alikuwa amethibitisha asubuhi ileile. Akasema aliogopa kunipa furaha halafu kuninyang'anya.

Nililia. Sioni haya. Skrubu naye alikaa chini na bisibisi yake, anafuta macho kwa waya.

Chenji ilituvusha mpaka siku ya kujifungua. Kigodoro cha kitanda cha mtoto nilijiuzia mwenyewe, na punguzo nilijikatalia.

Kwa hiyo ndugu zangu, mkienda kununua kompyuta, bishaneni mnavyotaka: bei, uzito, nguvu, wembamba. Lakini kwanza muulizeni mwenye mapaja anataka kupakata nini.

Na mtanisamehe makosa ya herufi. Mhariri amelala, feni kweli haina kelele, na mimi naandika kwa mkono mmoja.