Muhuri Juu ya Springi Yangu

Shule niliachia darasa la tatu. Lakini nipe springi iliyovunjika ya bunduki kuukuu ya mitutu miwili, nitakuambia kama imevunjwa na uzee au imevunjwa na mjinga. Ile ya mwaka jana ilivunjwa na mjinga, tena mjinga mwenye tai.

Nafanya kazi Industrial Area, kwenye karakana yenye leseni ya kutengeneza bunduki za wakulima. Nilianza kama mfagiaji. Fundi mzee, sasa ni marehemu, ndiye aliyenifundisha, kwa sababu macho yangu yalijua rangi ya moto kuliko ya wanaume wote pale. Hizi bunduki waliozitengeneza walishakufa, vipuri havipo. Springi ikivunjika lazima uifue upya kwa mkono: kipande cha chuma kilichokunjwa kama koleo la makaa. Halafu unailainisha kwa tupa, na tupa inafuata urefu wa chuma, haikati kwa upana hata siku moja. Mkwaruzo mmoja wa kukata ni kama umekionyesha chuma pa kupasukia. Mwisho unaipaka mafuta na kuiweka kwenye moto mpaka mafuta yawake na kuisha yenyewe. Nina wajukuu saba, mmoja yuko chuo kikuu, na bado hakuna anayejua hiyo kazi kama mimi.

Basi akaja meneja mpya. Akataka kila tunachotengeneza kigongwe muhuri wa karakana.

"Mama, ni kwa ajili ya jina letu."

"Gonga kwenye boksi," nikamwambia. "Gonga kwenye risiti. Ukitaka gonga kwenye hilo paji lako la uso. Springi usiniguse."

Mafundi, ambao huniita Shosho, yaani bibi, wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alingoja nikaenda kula githeri pale nje kwa mama wa kibanda, akachukua springi niliyoimaliza asubuhi hiyo, akaigonga muhuri kwa nyundo, pale pale penye mkunjo. Kisha akamwamuru fundi mwingine aifunge ndani ya bunduki. Niliporudi bunduki ilikuwa imeshaondoka na mwenyewe.

Haikumaliza mwezi. Mwenye bunduki, mzee mkulima, akairudisha pamoja na karatasi zake za leseni. "Nikivuta hii nyundo ya mtutu wa kulia," akasema, "inalegea kama jino la mtoto."

Meneja hata hakuifungua. Alimwambia mzee, mimi nimesimama hapo hapo kama meza: "Tusamehe, mzee. Huyu mama mikono imezeeka. Tutamtoa kwenye benchi, tumpe ufagio."

Ufagio! Benchi lile nimelikalia tangu huyo mtoto ananyonya. Damu ilinipanda hadi masikioni. Nilichukua bisibisi, nikafungua bunduki, nikatoa springi. Vipande viwili. Nikaviweka kwenye kiganja cha mzee.

"Mzee wangu, mimi kusoma kwangu ni kwa kubahatisha. Hebu nisomee, imekatikia wapi?"

Akavaa miwani. Akavigeuza. "Imekatikia katikati ya muhuri. Herufi nusu iko huku, nusu iko kule."

"Na huo muhuri, uliuona mkononi mwangu?"

Fundi aliyeifunga ile springi hakuweza kuvumilia. "Shosho hakuwepo," akasema. "Alikuwa amekwenda kula. Bosi ndiye aliyegonga."

Meneja akashika tai yake. "Mama, twende tuongee ofisini."

"Ofisini kuna nini? Matusi umenitukania hapa."

"Mwambie, Shosho!" mtu akapaza sauti nyuma ya tanuri.

"Basi, nilikosea," akasema, sauti kama ya panya.

"Mimi nimesikia. Mwambie mwenye bunduki."

Akamwambia, macho yakiwa sakafuni. Mzee akafunga karatasi zake, akasema bunduki ataiacha, lakini itaguswa na mimi peke yangu.

Nilitengeneza springi nyingine kwa siku mbili, bila kuinuka kwenye benchi isipokuwa kwenda chooni. Ule muhuri sasa unagongwa kwenye boksi. Lakini meneja aliomba radhi kwa ajili ya muhuri tu. Kuhusu mikono yangu hajasema neno. Kila asubuhi ananiamkia, "Habari yako, Mama," na kila asubuhi naendelea kusukuma tupa.