Nilivyomwaga uchafu wa kiwanda cha ngozi kwenye mboga za akina mama, Kisugu

Wakuu, heshima kwenu.

Hili sijawahi kulisimulia nje ya nyumba yangu. Siongezi chumvi, na pale nilipokuwa mwoga nitasema nilikuwa mwoga.

Miaka ya sabini, jeshi likitawala Uganda, nilikuwa dereva wa lori kwenye kiwanda cha ngozi Kampala. Wenye kiwanda walishafukuzwa nchini, tukaletewa kapteni awe meneja. Ngozi aliyoijua ni ya buti zake tu.

Shimo la uchafu likajaa. Mafundi wakamwambia lichimbwe lingine. Akaniita mimi.

"Mwaga kule chini bondeni. Kwisha."

Ule uchafu ulikuwa tope la kijani, chokaa na dawa za kulainishia ngozi. Mafundi hawakuugusa bila glovu. Na bondeni, upande wa Kisugu, akina mama walilima mchicha na magimbi.

Nikamwaga. Tripu mbili kwa siku, wiki kadhaa.

(Kabla hamjanitukana: waliokataa amri enzi zile hatukuwaona tena.)

Mmoja wa wale akina mama wa bondeni alikuwa Mama Furaha, mkimbizi kutoka Kongo, mboga zake akiziuza Kabalagala. Alilima pekupeku. Siku moja nikaona miguu yake. Vidonda mpaka vifundoni.

Nikashuka, nikajifanya naangalia tairi.

"Mama, usiuze mboga za hapa. Hii ni dawa ya kiwandani. Usiseme ni mimi nimekwambia."

Kesho yake nikamkuta ameng'oa mchicha wake wote, anapita kwa wenzake mmoja mmoja akiwaonya.

Siku ya tatu, asubuhi, kapteni akafika bondeni na jipu la jeshi na askari wawili. Mimi niko kwenye usukani, lori limejaa.

"Nani nasema hapa iko sumu?"

Mama Furaha akasogea mbele.

"Ni miguu yangu iliniambia, afande."

Kapteni akaitazama ile miguu, halafu akanigeukia.

"Dereva! Weye najua hii kitu. Iko sumu?"

Wakuu, yule mama ananiangalia.

"Hapana, afande."

Wakampakia kwenye jipu. Mimi nikaamriwa nimwage.

Nikamwaga.

Alirudi baada ya siku nne, amenyolewa, mkono mmoja haunyanyuki. Nilienda kwake, nikapiga magoti mlangoni. Akaniambia niinuke, majirani wanaona.

"Waliniuliza nani aliniambia. Sikusema jina yako, uko na watoto. Lakini kumwaga, utaacha lini?"

Nikainuka, nikaondoka.

Wiki hiyohiyo nilitia mchanga kwenye injini. Lori likafa palepale kiwandani. Kabla kapteni hajapata fundi wa kulifungua, mimi, mke na watoto tulikuwa njiani kwenda kwetu Arua.

Mama Furaha sikumwona tena. Niliporudi Kampala miaka mingi baadaye, nilikuta lile bonde limejengwa nyumba, watu wanachota maji ya kisima.

Nilichojifunza: ukionyeshwa ploti ya bei rahisi bondeni, usiishie kwenye hati. Uliza palimwagwa nini. Na amri ni ya mkubwa, lakini mkono uliomwaga ulikuwa wangu.

Mliokaa Kisugu enzi zile, nisahihisheni nilipokosea. Wengine niambieni, mngekuwa kwenye usukani ule mngejibu nini?

Anayetaka kuniita mwoga aandike tu. Sitabishana naye.