Kibuyu cha Leah Kwenye Dari Yangu

Aibu niliyoipata mimi, mwingine angetafuta shimo aingie, lakini mimi sikupata shimo, nilipata tu nauli ya kwenda kwa dada yangu kule Longisa, nikakaa huko mpaka nikachoka kuwa mgeni, nikarudi. Sasa nimeamua kuieleza yote na majina yakiwemo, kwa sababu walionifanyia wanapita barabarani wakiitwa mama huku na mama kule, na mimi watu wakiniona wanakumbuka ghafla kwamba njia yao iko upande ule mwingine.

Nianze na pale pabaya kabisa. Nimesimama katikati ya uwanja wangu mwenyewe, nimevaa nguo ya kanisa na leso mpya, mkono wa kushoto nimeshika kibuyu kidogo, mkono wa kulia unachuruzika mafuta mpaka kwenye kiwiko. Mbele yangu amekaa mzee Arap Langat, baba ya kijana aliyekuja kuposa binti yangu Chelangat, mzee amefumba macho ametulia kama mtu anayeombewa, na kwenye paji la uso wake, pale nimempaka sasa hivi, kumelala mkia wa kinyonga. Mkavu, umejikunja mwishoni vile mkia wa kinyonga hujikunja, unateleza polepole na mafuta ukielekea kwenye nyusi. Watu wote wanauona. Yeye peke yake ndiye haoni.

Sasa wacha nirudi nyuma, mjue ule mkia ulifikaje pale.

Leah ni wifi yangu, dada ya mume wangu, boma lake limepakana na letu, chai yake na chai yetu zinatenganishwa na mfereji tu. Huyo Leah alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, akiomba unafikiri paa litafunguka. Lakini Leah alikuwa na kazi nyingine, na aliyemfundisha ni mwanamume mmoja aliyejiita Daktari Obed, aliyekuwa akitandika gunia siku ya soko pale Chepilat na kupanga mizizi juu yake. Obed ndiye alikuwa anachimba mizizi na kutafuta wateja, na Leah ndiye alikuwa anapika na kutunza, kwa sababu nani atamshuku kiongozi wa akina mama?

Mambo yenyewe yalikuwa ya aina mbili. Kulikuwa na dawa za chupa, mizizi iliyokwanguliwa na kulowekwa kwenye chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, ndani ya chupa za soda, mdomo umezibwa na gunzi la mahindi, na kila shingo ya chupa imefungwa uzi: mwekundu wa mapenzi, mweusi wa mtu mwenye kesi, mweupe wa yule anayetaka nyapara amwangalie kwa jicho zuri. Halafu kulikuwa na mafuta. Hayo ndiyo yalikuwa mafuta ya mvuto, na yalitafutwa zaidi wakati wa bonasi ya chai, zile pesa za mwisho wa mwaka, kwa sababu bonasi ikitoka wanaume wengine husahau njia ya nyumbani, na mke akijipaka hayo (eti) mume anakumbuka. Leah alikuwa anachukua siagi ya ng'ombe aliyezaa mara ya kwanza, anaichemsha kwa moto mdogo na maganda ya mti, anachuja, kisha anaweka kile kitu cha mwisho ambacho Obed alileta kimefungwa kwenye jani na mimi sikuwahi kuonyeshwa. Sasa mnajua ni nini.

Na hayo mafuta hayakubali plastiki. Lazima yakae kwenye kibuyu, na kibuyu lazima kikae kwenye moshi, bila moshi yanaoza yanaota ukungu. Hapo ndipo mimi naingia, maana Leah alikuwa amejenga nyumba ya simiti, jiko lake la makaa, hana moshi hata wa kufukuza nzi. Mimi nilikuwa na jiko la zamani la udongo, mafiga matatu, na juu ya moto dari ya fito, pale tunapoweka mahindi ya mbegu, kuni na vibuyu vya maziwa.

Akanijia akaniambia, "Mama Chelangat, niwekee hivi vitu vyangu hapo juu, ni dawa ya kifua ya watoto."

Nikamwuliza, "Dawa ya kifua gani inafungwa uzi mwekundu?"

"We nawe! Uzi ni wa kutofautisha. Unataka mtoto wa mtu apewe ya mtu mzima?"

Nikamwambia mume wangu. Mume wangu hata hakuinua macho kwenye redio, akasema, "Huyo ni dada yangu. Weka." (Naye nimemtaja. Asiseme sikumtaja.) Basi nikaweka, na nilipokuja kujua zile dawa ni za nini, kuzitoa ilikuwa ni kuanzisha vita na boma zima, nikanyamaza nikapika chakula changu chini yake kila siku.

Sasa kwetu posa ikikubaliwa, watu wa pande zote mbili wanapakwa mafuta ya ng'ombe, na hayo mafuta mama wa msichana huyaweka tayari mapema. Mimi yangu niliyapika vizuri, samli safi ya ng'ombe wetu, nikayatia kwenye kibuyu kidogo chenye ukanda wa ngozi, nikakipandisha kwenye dari upande wa ukutani, peke yake. Cha Leah kilikuwa upande wa mlangoni na chupa zake. Vibuyu viwili saizi moja, vyote vimekuwa vyeusi kwa moshi, tofauti ni kwamba ukanda wa Leah ulikatika siku moja akaushona na waya.

Siku moja kabla ya posa Leah alikuwa amepanda kule juu kumtolea mteja wake dawa. Mimi nilikuwa shambani nachuma chai. Alivishika, akavisogeza, akavirudisha vile alivyotaka yeye.

Siku yenyewe nyumba imejaa. Wakwe wamefika na gari la kukodi, mzee Arap Langat na mke wake, mjomba wao mmoja mnene, na kijana mwenyewe Kiprono amevaa tai inayomnyonga, na vijana wenzake wachache. Pasta na mke wake wako hapo. Mursik, maziwa yetu ya kibuyu, imemiminwa, watu wamekula, maneno yamekwisha vizuri hata binti yangu amecheka (alikuwa hacheki tangu asubuhi kwa woga). Mzee akasema, "Mama, leta mafuta tupakwe, jua linakwenda." Nikakimbia jikoni, moshi ni mwingi kwa sababu ya kupika, macho yanatoka machozi, nikanyoosha mkono upande wa ukutani pale nilipoweka changu, nikashika kibuyu, nikatoka nacho mbio.

Mlangoni amesimama Leah na sahani za watu. Akakiangalia kile kibuyu. Akashika ukanda, pale penye waya, kwa vidole viwili, nakumbuka vidole vyake kabisa, akasema, "Mama Chelangat, ngoja..."

Nikasimama. Nikamwuliza, "Nini?"

Akamwangalia mke wa pasta aliyesimama karibu nasi. Akameza mate. Akasema, "Ngoja nikufunge leso vizuri." Akanifunga leso, akanipigapiga begani, akaniambia, "Nenda."

Nikaenda. Nikampaka mama ya kijana kwanza, nikampaka mjomba, nikampaka pasta. Nikaona mafuta ni meusi kidogo, nikajiambia ni moshi. Nikasikia harufu, nikajiambia ni jasho la yule mjomba (Mungu anisamehe, alikuwa na jasho). Nikafika kwa mzee mwenyewe, na kwa sababu ndiye mkubwa nikataka kumheshimu, nikainamisha kibuyu sana, yakatoka yale ya chini kabisa, na mkia ukatoka nayo.

Mama ya kijana ndiye alipiga kelele. Mzee akafungua macho, akapapasa, akauchukua, akauweka kwenye kiganja akauangalia kwa muda. Akaniuliza polepole, "Mama Chelangat, hii umenipaka ni nini?"

"Ni mafuta ya ng'ombe, baba."

"Ng'ombe gani iko na mkia kama hii?"

Hapo ndipo ningekaa kimya. Lakini mimi nilikuwa bado naamini kibuyu ni changu, nikafikiri labda mdudu aliingia, na nikataka kuwaonyesha watu kwamba ni samli tu, chakula, hakuna ubaya. Nikachovya vidole nikalamba mbele ya wote, nikasema, "Si mnaona?" Jamani. Uchungu wake ulikuwa kama wa dawa ya malaria iliyochomwa na sufuria. Uso wangu ukajikunja wenyewe, nikatema, na kule nilikotema ndiko kulikuwa na miguu ya mke wa pasta.

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Ameramba! Mwenyewe ameramba!" Na mwingine akamjibu, "Amezoea huyo."

Hapo ndipo nikakitazama kibuyu, nikaona waya kwenye ukanda, nikageuka kumtafuta Leah. Nikaita, "Leah, njoo uwaambie." Na Leah akaja, lo, alikuja, ametupa sahani, mikono juu, akilia kwa sauti ile ya kanisani, "Shindwa! Shindwa kwa jina la Yesu! Kwa nyumba ya ndugu yangu!" Akina mama wakafuata, wakanizunguka wakiniombea pepo anitoke, na mimi katikati na kibuyu mkononi nikisema "si changu, si changu", nani atasikia?

Vijana waliokuja na wakwe wakaingia jikoni, wakapanda kwenye dari, wakaanza kupitisha chupa moja baada ya nyingine mpaka nje, wakazipanga kwenye nyasi kando ya sufuria za pilau. Yule mjomba akaokota moja, akatoa gunzi, akanusa, akaonja, akasema mbele ya pasta, "Lakini hii ni chang'aa, na ni nzuri." Hakuna aliyecheka isipokuwa yeye. Nikaona jambo lingine pia. Mama mmoja wa kwaya alipoziona zile nyuzi alishika pochi yake akaifunga zipu haraka, na wengine wakawa wanaangalia majani ya chai shambani kana kwamba hawajawahi kuyaona. Walizijua zile chupa. Walijua zinanunuliwa kwa nani. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo.

Mume wangu aliulizwa na mzee Arap Langat, mwanamume kwa mwanamume, "Hivi vitu ni vya nani?" Akaniangalia, akamwangalia dada yake, akasema, "Jikoni ni ya wanawake, mzee. Mimi siingiagi huko."

Mzee akavua koti lililoingia mafuta, akaliacha kwenye kiti. Akasema neno moja la kwetu, ponindet, mchawi, hakulisema kwa hasira, alilisema kama mtu anayetaja jina la mti. Wakaingia kwenye gari. Kiprono alikuwa wa mwisho, alitaka kumwambia Chelangat kitu, mama yake akamvuta tai.

Kesho yake mchana vijana wa kijijini wakaja kuchoma. Nyumba kubwa waliiacha kwa sababu ni ya mume wangu, wakachoma jiko. Aliyekuwa mbele na kiberiti ni Weldon, mtoto wa Leah wa kumzaa, ambaye nimemlisha kwenye jiko hilo hilo. Zile chupa walikuwa wamezirudisha ndani ziungue, pamoja na kile kibuyu cha Leah, na chang'aa inavyopenda moto chupa zikawa zinapasuka kama bunduki, moto wa samawati, watu wakapiga kelele kwamba ni majini yanatoka. Nilikuwa nimejificha kwenye chai nimelala kifudifudi kati ya mistari, na kitu nilichokuwa nakitafuta kwa macho ni kibuyu changu, cha samli safi, kwamba labda mmoja atakishika aone ni viwili. Kiliungua. Cha Leah pia kiliungua na waya wake. Sasa ushahidi ni mdomo wa Leah tu.

Chelangat aliolewa baadaye na mtu wa Kapkatet, mtu mzuri, lakini watu wake walituma neno mapema kwamba watafikia kwa shangazi yake, mama abaki nyumbani. Mafuta alipakwa na shangazi yake. Shangazi yake ni nani? Leah. Nilikaa nyumbani siku hiyo nikipepeta maharagwe, na maharagwe yenyewe hayakuwa na uchafu. Obed naye alihama Chepilat, nasikia siku hizi ana kibanda chake na chupa zenye karatasi ya kubandika, anaitwa daktari na watu wenye viatu.

Mimi nimeapa, dari yangu mpya haiweki kitu cha mtu mwingine hata kuni, na sitalamba kitu mbele ya watu kuthibitisha neno. Lakini hilo ni langu. Nina msichana mwingine, Chebet, na watu wa mchumba wake wanakuja kuposa mavuno yakiisha, na wameshauliza kama ni kweli yale wanayosikia kuhusu mama yake. Samli nimepika tayari. Iko kwenye kibuyu kipya, na nataka kuipaka mimi, kwa mkono wangu.

Kwa hivyo Leah, wewe unajua boma ni lile lile, na jiko jipya nimelijenga pale pale, mlango unaangalia kule kule. Njoo siku hiyo, usije na sahani. Usimame pale uliposimama, mbele ya pasta, mbele ya ndugu yako, mbele ya Weldon, na mzee Arap Langat nitamwalika mimi mwenyewe. Uliniambia, "Mama Chelangat, ngoja." Nimengoja. Sasa sema lile neno ulilolimeza.