Saa ya Maji Kupwa

Yusra wa Chukwani huandika programu za simu, na ana hasira za karibu. Alimtengenezea mama yake, mkulima wa mwani Bwejuu, programu ya kumwambia saa ya maji kupwa. Seva ya mwenzake wa kazi, Ubwa, ilileta saa hizo kwa maandishi tu. Msimbo wa Yusra ukayageuza kuwa obyekti, yaani kifurushi cha data chenye siku na saa, ukapunguza sita, maana saa za kompyuta ni za Kizungu.

Asubuhi simu ikalia.

"Yusra!"

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umeniandikia saa moja. Maji yamenifika kifuani!"

Yusra akampigia Ubwa, amewaka. "Seva yako inasema uongo!"

"Haisemi. Maji yanakupwa saa saba mchana, nami nimeleta saba. Nshapunguza sita, nikusaidie."

"Nani kakutuma? Na mimi nimepunguza!"

Wakagombana, wakaombana radhi. Kisha kila mmoja, kwa uungwana wetu huu utakaotumaliza, akaifuta hesabu yake ya kupunguza sita bila ya kumwambia mwenziwe.

Kesho yake mama akapiga tena.

"Mwanangu, maji nshayaona kwa macho yangu, leo yamesogea, yamekupwa saa nane. Sasa niambie, hii saa kumi na nne yako ni ya dunia gani?"