Mwanajudo Anayewabembeleza Wagonjwa Wakubali Kuzidiwa

Saa mbili asubuhi, Chuma analikunja goti la mtu aliyemfundisha judo.

"Unaumia, Mwalimu?"

"Endelea."

Hilo "endelea" ndilo linalomnyima raha. Katika chumba chake cha tiba ya viungo, nyuma ya ukumbi wa mazoezi anakowahangaisha watu wenye vitambi, kila mgonjwa hupewa sheria moja iliyotoka kwenye judo: ukizidiwa, piga kitanda mara mbili, naye ataachia papo hapo. Bibi hupiga, mjukuu hupiga, na kuna seremala mmoja anayepiga kabla hata hajaguswa. Mwalimu, mwenye miaka sitini na tisa, wiki ya tano hii hajapiga hata mara moja.

Asipopiga, Chuma hajui aishie wapi. Goti hilo lilifanyiwa upasuaji na sasa limegoma kukunjika kupita nyuzi themanini na moja. Keshokutwa, Ijumaa, daktari atalipima. Lisipofika tisini, Mwalimu atalazwa kwa dawa ya usingizi likunjwe kwa nguvu, na moyo wake siku hizi si wa kuaminika.

"Nikimwonea huruma, goti litaganda. Nikikaza, nitamvunja," anasema Chuma. "Naogopa mikono yangu mwenyewe."

Ukaidi huo anaujua, maana aliurithi. "Kwangu hakuna anayepiga mkeka," Mwalimu alikuwa akiwafokea wanafunzi. Miaka kumi na sita iliyopita, kwenye fainali, mpinzani alimbana Chuma mkono. Hakupiga. Bega likachomoka, mashindano yakaishia hapo. Miezi saba ya kunyooshwa bega ndiyo iliyompa kazi nyingine: akasomea tiba ya viungo, jioni akifundisha mazoezi apate ada.

Jana mke wa Mwalimu alimvuta pembeni. "Mwanangu, akifika nyumbani anauma mto. Hapa kwako anajikaza tu."

Basi leo Chuma analiacha goti. Anamketisha Mwalimu ukingoni mwa kitanda na kumpa mkono wa lile bega bovu.

"Vuta."

Mwalimu anavuta. Chuma anapiga kitanda mara mbili, haraka.

"Umeona? Sijafa."

"Nimekulea vibaya," Mwalimu ananung'unika, lakini anajilaza tena.

Themanini na mbili. Themanini na nne. Kwenye themanini na tano, kiganja kinagusa kitanda mara mbili, kidogo sana, kama cha mtu anayeona haya. Chuma anaachia.

Mwalimu anageukia ukutani. "Siku ile ya fainali nilikuwa pale pembeni," anasema. "Niliona unaumia. Nikakupigia kelele ukaze."

Chuma anachukua daftari. Anaandika themanini na tano.

Zimebaki nyuzi tano na siku mbili, na hesabu hiyo haimpi usingizi. Mpango wake ni kumkunja asubuhi na jioni, kisha Ijumaa, goti lisipofika tisini, amwombe daktari wiki mbili zaidi.

Na daktari akikataa?

"Nitampigia magoti," anasema. "Yangu bado yanakunjika."