Jino la Naftali

Wewe unayesoma hapa: kazini kwako wakikuambia uandike kila unachokijua ili wasikuhitaji tena, utaandika?

Naftali alikubali. Yeye alisema, na Sixbert akaandika. Sixbert ni mtaalamu aliyeletwa kutoka Dar es Salaam kukipamba kiwanda kabla hakijauzwa. Kiwanda chenyewe ni cha kukamua alizeti, pale Singida mjini, na Naftali alikuwa ameisimamia mashine yake miaka ishirini na miwili, tangu enzi za marehemu mzee Chhotalal.

"Mnunuzi haogopi mashine kuukuu," Sixbert alimweleza Kalpesh, mtoto wa marehemu na mrithi wa kiwanda. "Anaogopa biashara inayokaa kichwani mwa mtu mmoja."

"Haikai kichwani," Naftali akasema. "Inakaa kwenye jino."

Hakutania. Mkulima akishusha gunia, Naftali huchota mbegu, huiuma, husikiliza. Ikilia kavu, inakamuliwa. Ikinyamaza, mkulima anarudi nayo kwenye turubai akaianike, hata awe shemeji yake. Wakulima wa Ilongero wamemtukana sana kwa hilo, na kila msimu wamemletea alizeti yao.

"Jino lipi, mzee wangu?"

"La nyuma, kushoto. La kulia lilishang'oka."

Sixbert akaandika: Hatua ya nne, uma kwa gego la nyuma, kushoto.

Kitabu hicho cha maelekezo kilipofika kurasa arobaini kikatiwa jalada. Kalpesh, ambaye tangu utotoni hakuwahi kumpita Naftali bila shikamoo, akamwambia huku akitazama simu: "Kesho wageni wanakuja. Wewe pumzika nyumbani, waone kiwanda kinajiendesha."

"Na keshokutwa?"

"Tutakupigia."

Asubuhi yake Naftali alitoka kwake Mandewa akaenda kukaa kwenye kibanda cha chai kinachotazamana na lango la kiwanda. Aliliona gari la wageni likiingia. Alimwona Sixbert, koti jeupe, kitabu mkononi, akiuma mbegu ya Bi Rebeka wa Ilongero.

"Kavu!" Sixbert akatangaza.

"Kavu?" Bi Rebeka akashangaa. "Mimi mwenyewe najua ni mbichi! Nilikuwa najaribu bahati tu. Naftali yuko wapi?"

Lakini gunia lilikwisha kumiminwa. Mashine ikakoroma, ikapaliwa, ikatoa moshi, ikazima. Sixbert akafunua kurasa, akafunua tena. Wakulima wakaanza kuburuta magunia yao kuelekea nje.

Ndipo Kalpesh akavuka barabara, tai shingoni, mbegu kiganjani, wageni wote wakimtazama.

"Shikamoo, mzee Naftali. Hebu iume hii."

"Marahaba." Naftali akapuliza chai yake. "Wewe gego la kushoto huna?"

 Kalpesh akaitia mbegu mdomoni, akauma, akainamisha sikio kama mtoto anayefundishwa. Nyuma yake Bi Rebeka alikuwa ameketi juu ya gunia lake lililobaki, katikati ya lango, na dereva wa wageni, aliyetaka kutoka, alimpigia honi bure.